Muhuri ulikuwa kwa babu yako

Mwanangu,

Nimeisikiliza sauti yako ya WhatsApp mara tatu, ya mwisho mama yako akiwa kando anacheka. Unasema huko Dodoma kila mchana mkikaa kwa mama lishe mnagawanyika kambi mbili, wa Mwalimu Nyerere na wa Magufuli, mpaka wali unapoa, na sasa umetumwa uniulize mimi niliyeishi zama zote mbili: kwa haki kabisa, nani alikuwa kiongozi bora? Kwa sauti siwezi kujibu. Nikianza kusitasita utadhani naumwa, upande basi uje. Naandika kwa kalamu, mdogo wako atazipiga picha kurasa akutumie.

Halafu pale mwisho kabisa, kama mtu aliyeaga akarudi mlangoni kuchukua mwavuli, ukasema wamekukaimisha ukuu wa kitengo cha ukaguzi. Ukacheka, ukakata. Mimi nimelala na hilo.

Kwanza la kwako. Kipimo changu mnakijua, mmekisikia tangu mkiwa wadogo mpaka mkawa mnanimalizia wenyewe: kupanda kila mtu hupanda, kiongozi mtazame akishuka. Kwa kipimo hicho Mwalimu alifanya mtihani mara mbili. Uhuru tumeupata Desemba 1961, Januari 1962 akauacha uwaziri mkuu, akamwachia Kawawa, yeye akaenda kukijenga chama. Wiki sita! Kiti hakijapata hata joto. Na Novemba 1985 akatoka Ikulu kwa miguu yake, hakuna aliyemtoa, akarudi Butiama. Mjomba wako hapa angenikumbusha kwamba uenyekiti wa chama aliung'ang'ania mpaka 1990. Sawa, nimelisema, asije akapiga simu.

Na si kushuka kwenye kiti peke yake. 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kulikataa Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti yale ya kukatwa sehemu ya mshahara. Aliwatimua karibu 400, na papo hapo akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mimi sisemi alifanya haki kuwatimua vijana wale. Nasema alipokasirikia ulafi alianzia mfukoni kwake.

Sasa huyo wa kambi yenu. Maana najua uko kambi gani, sauti ilikuwa inakupanda ulipomtaja. Navikubali vyote ulivyovitaja. Treni unayopanda kwenda Dar ukafika siku hiyohiyo na nguo bado zimenyooka, ni yeye aliyeanzisha ujenzi wa reli yake. Mdogo wako aliingia kidato cha kwanza 2016, mwaka ule ada ilipofutwa, na nisingekuwa na pesa ya kuwasomesha wawili kwa mpigo. Desemba 9, 2015 aliposema sherehe za Uhuru hakuna, watu wafanye usafi, nami nilishika fagio, nikafagia mpaka kwa jirani. Lakini babu yako wa Masasi ulimwona mwenyewe msimu wa 2018, korosho zilipotangazwa kununuliwa kwa shilingi 3,300 kilo na wanajeshi wakaja kuzibeba. Bei alishangilia. Malipo aliyasubiri. Ulipomuuliza mbele ya wageni, "Babu, wamelipa?" alitazama mlangoni kwanza ndipo akajibu. Kule kutazama mlangoni sijakusahau.

Nimpime vipi kwa kipimo changu? Siku yake ya kushuka hakuipata. Walikuwepo wabunge waliotaka aongezewe muda, akawakatalia hadharani, nami nilitaka kumwamini. Machi 2021 Mungu akamchukua. Mwanafunzi aliyefariki kabla ya mtihani wa mwisho humwandikii sifuri, wala humwandikii mia.

Na huyo mwenzenu Mhehe anayemwingiza Mkwawa kwenye mjadala, mwambieni atulie. Mtu aliyejipiga risasi 1898 ili Wajerumani wasimshike akiwa hai, huyo hapandi wala hashuki. Tunamvulia kofia tu.

Basi. Ungekuwa umeniuliza nani bora, jibu lingeishia hapo, halafu mngeendelea kugombana. Mimi nataka nikwambie habari ya babu yako wa huku, baba yangu, na muhuri. Unaijua ya bibi yako, aliyoisimulia kila Krismasi kama kichekesho, anamwigiza babu anavyofungua kitambaa. Watu walicheka. Mimi nilikuwa natoka nje kwenda kutazama ng'ombe, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza ng'ombe wana nini.

Ilikuwa mwanzoni mwa 1977, nipo darasa la tano. Babu yako alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Usifikiri ni cheo kidogo. Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka uliotangulia, na kila kitu kikawa cha kijiji: mizani ya pamba, pesa ya pamba, na duka. Duka la kijiji lilikuwa chumba kimoja cha tofali za kuchoma, lina sukari, chumvi, viberiti, sabuni za mche, mafuta ya taa kwenye pipa lenye pampu ya mkono, na khanga mbili tatu zimening'inia ambazo hakuna aliyezinunua kwa kuwa kila mtu alishazizoea kuziona pale. Ufunguo wa duka na daftari alikaa navyo katibu. Muhuri wa kijiji alikaa nao babu yako. Hakuna hesabu iliyotoka bila muhuri. Naye, kwa jinsi alivyomwamini yule katibu, alikuwa akigonga muhuri kwenye karatasi anazoletewa shambani, jembe limeegemezwa begani.

Wakati wa palizi katibu akaaga anakwenda Mwanza kung'oa jino. Mpaka leo jino hilo linang'olewa. Walipovunja kufuli ya duka walikuta magunia ya sukari yamejazwa pumba mpaka juu, safu ya mbele tu ndiyo sukari. Nilikuwepo. Nilichungulia kati ya miguu ya watu wazima. Namkumbuka babu yako akiingiza mkono kwenye gunia, mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko, ukatoka na pumba, naye akaipuliza taratibu kiganjani, kama mtu anayetafuta punje moja ya sukari ya kumtetea mwenzake.

Na wiki zilezile redio ilikuwa inasema jambo lingine. Ile National yetu, betri zake tulikuwa tunazianika juani mchana ili usiku zisikike. Mikoa yetu hii miwili, Mwanza na Shinyanga, kulikuwa na msako wa wauaji wa vikongwe, watu wakakamatwa wengi, baadhi wakafia mikononi mwa waliowakamata. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakuwamo kwenye vyumba vile, hakumgusa mtu. Akaandika barua ya kujiuzulu na Mwalimu akaikubali. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikaisha, zikaja salamu, babu yako akaizima redio. Kuzima redio wakati betri bado zina nguvu, kwetu halikuwa jambo la kawaida. Bibi yako akauliza, "Umeona nini?" Hakujibu.

Mkutano wa kijiji ukaitishwa chini ya ule mkwaju, unaujua, sasa umebaki kisiki. Watu walikuja wamejiandaa kumlaani katibu. Hakuna aliyekuja kumlaani babu yako, hilo nataka ulishike vizuri, kwa kuwa bibi yako alikuwa akiliruka. Angesema "tumeibiwa, tumekwenda kuripoti", mkutano ungekwisha, wangeimba, wangekwenda kupalilia. Badala yake alisimama, akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua kona moja moja, akauweka muhuri mezani na kile kidau chake cha wino. Akasema hesabu zote za pumba zile zina alama ya mkono wake. Akasema ng'ombe dume wawili anawatoa kufidia. Akasema watafute mwenyekiti mwingine.

Kimya. Halafu kutoka nyuma sauti ya mtu, sikumwona, ikasema kwa Kisukuma kitu ambacho kwa Kiswahili ni kama, "Kumbe walikuwa wawili." Watu wakaguna. Nikaona mgongo wa babu yako, shati la kaki, namna lilivyotulia. Hakugeuka.

Toka siku hiyo kazi ikawa yangu. Njiani kwenda shule, mtoni, malishoni, "Oya, sukari ya kijiji ilikuwa tamu?" Miaka miwili. Nina umri huu na nikiwekewa chai yenye sukari nyingi bado naisikia. Mama yako anadhani ni kisukari ndicho kinanifanya ninywe kavu.

Siku moja nilishindwa. Tulikuwa tunarudi toka kisimani, madumu kwenye baiskeli, yeye anasukuma mimi nashikilia nyuma, nikamwambia kwa hasira kwa nini hakukaa tu kimya kama wenzake, wizi haukuwa wake. Nilitegemea kofi. Alisukuma baiskeli hatua kama ishirini hivi. Akasema, "Muhuri ulikuwa kwangu." Basi. Tukafika nyumbani, tukatua madumu, hajaongeza neno.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo huwa nagombana mwenyewe. Je, alifanya vizuri? Kijiji kilipata mwenyekiti mpya ambaye alikuwa mkimya na mvivu, na duka halikufunguka tena mpaka mwaka uliofuata. Ng'ombe wale wawili ndio waliokuwa wa jembe. Msimu ule tulilima kwa mkono, na shangazi yako mkubwa hakwenda sekondari aliyochaguliwa. Amekwambia kwamba alipenda kuolewa mapema? Hakupenda. Kwa hiyo kushuka kwa babu yako kulilipiwa na mtu ambaye hakuwa na muhuri wala ufunguo. Hili nimeligeuza miaka hamsini kasoro kidogo na halijakaa sawa. Kuna siku nasema alikuwa mtu mkubwa kuliko mawaziri. Kuna siku nasema alijipenda, alitaka ajione msafi, na usafi huo akatufulisha sisi.

Lakini kiongozi mtazame akishuka, ndiyo ninavyoamini, siwezi kubadilika leo.

Nikwambie na la furaha, maana nalo lipo. 1985, mwezi wa nane, nipo likizo toka chuo cha ualimu. Mkutano mkuu wa chama ukampitisha mgombea wa kumrithi Mwalimu. Redio ileile, betri nyingine. Likatajwa jina la Ali Hassan Mwinyi. Babu yako alikuwa ananyoa ndevu kwa kipande cha kioo, povu upande mmoja. Akauliza, "Yule yule?" Nikamwambia ndiye, yule aliyejiuzulu, wakampeleka ubalozi Misri, halafu 1984 akawa Rais wa Zanzibar. Alicheka mpaka akakohoa, akajikata kidogo hapa shavuni. Akatoka nje na povu lake, akasimama njiani pale watu wanapopita kwenda mnadani, akamwamkia kila aliyepita kwa furaha ambayo hawakuielewa. Hakumwambia yeyote sababu. Alitaka tu waone kwamba anacheka. Sijawahi kumwona babu yako mrembo kama siku ile.

Kwa muda mrefu nilidhani hadithi imekwisha hapo, haki imetendeka. Haikuisha. Mzee Mwinyi alifungua milango, nguo zikaja, sabuni zikaja, tukamwita Mzee Ruksa na tulimpenda, mimi nilinunua suruali yangu ya kwanza ya mtumba nikaiona ya Ulaya. Lakini ni katika utawala wake huohuo, 1991, lile Azimio la Zanzibar lilipoilegeza miiko ya Azimio la Arusha, kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa, kupangisha nyumba, kupokea mishahara miwili. Mtu aliyekijua kiti kiasi cha kukiacha kwa ajili ya roho za watu asiowajua, ndiye zama zake ziliwaruhusu wengine wakigeuze kiti kuwa duka. Kwa hiyo kushuka vizuri si cheti cha kutawala vizuri. Naliandika hili kwa shida.

Na Mwalimu wangu huyohuyo ninayemtetea, 1974 Operesheni Vijiji ilipotuhamisha, unapajua pale mahame penye minyaa na miembe mitatu tunapopita tukienda makaburini. Pale ndipo nilipozaliwa. Tulihamishwa mvua zikiwa karibu, ghala la mtama likaachwa. Kwa hilo hakujiuzulu mtu, wala yeye. Alishuka kwa mambo mengine. Baadaye alisema wazi kwamba yako makosa yaliyofanyika, na kusema ni kitu, lakini babu yako hakusema tu, alitoa ng'ombe.

Mjomba wako anapenda kunichomekea Lowassa: mbona naye alijiuzulu uwaziri mkuu, Februari 2008, sakata la Richmond, ule mkataba wa umeme? Namjibu kuna kushuka na kuna kushushwa. Huyo ripoti ya Bunge ilikuwa imeshasomwa, ngazi imeshaondolewa, akalalamika hakusikilizwa. Halafu nikikaa peke yangu najiuliza, je, kama kweli hakusikilizwa? Babu yako naye angesubiri kusikilizwa angekuwa amekosea nini? Watu hao wawili, Lowassa na Mzee Mwinyi, wote walifariki Februari moja, 2024. Nilisikiliza misiba yote miwili kwenye redio hii ndogo ya jikoni na nikaona namna watu walivyozigawa sifa zao, kila mtu na mizani yake mfukoni.

Kuna jingine, na hili hamlijui, hata mama yako nimemwambia juzi tu baada ya sauti yako. Unakumbuka shule niliyokuwa mwalimu mkuu kabla hatujahamia hapa. Mahindi ya chakula cha wanafunzi yalipungua magunia saba. Sikuyala mimi, Mungu anajua. Lakini karatasi za kupokelea zilikuwa na sahihi yangu na muhuri wa shule, nilizigonga nikiwa na haraka ya kwenda semina. Walipokuja kukagua nilimtaja mtunza stoo. Nilisema ufunguo alikuwa nao yeye, na ilikuwa kweli. Alifukuzwa. Alikuwa na watoto wanne na mmoja alikuwa darasani kwangu, anakaa dawati la mbele. Sijui huko njiani walimwuliza nini.

Nilibaki mwalimu mkuu miaka sita zaidi. Picha ile sebuleni, nimevaa suti ya kijivu napokea cheti cha utumishi, ni ya miaka hiyo. Nimemwambia mdogo wako aishushe, anauliza kwa nini, nikasema misumari ina kutu.

Kwa hiyo ukiniuliza nani bora, naogopa kipimo changu. Nikikishika vizuri kinanipima na mimi. Labda ndiyo maana nimewapigieni kelele nacho tangu mko wadogo, mtu hupiga kelele pale panapomuuma.

Jina ninalo. Usidhani sina. Nikibanwa kwenye kona isiyo na mlango nitalitaja, na kambi yenu huko kwa mama lishe haitafurahi sana, wala ile nyingine haitafurahi sana. Ila sitaliandika hapa, kwa kuwa anayepiga picha kurasa hizi anazisoma kabla hajazituma, na yeye na mjomba wake wana kundi lao. Ukija Pasaka tukae chini ya mwembe, wawili tu, nitakwambia.

Mama yako anakusalimu, anasema ule mzigo wa karanga umekwenda na basi la jana, ukauchukue mapema zisipate unyevu. Shangazi yako mkubwa hajambo, miguu tu. Mpigie, na usimwambie nimekuandikia nini.

Na kabla hujaniuliza tena habari za marais, nijibu mimi hili. Hapo kwenye kitengo walipokukaimisha, muhuri unakaa kwa nani? Na karatasi unazoletewa, unazisoma umekaa au umesimama?

Ni mimi,
Baba